Mechi Mia Moja na Nane za Levis

BRENDAH: Jumanne, tarehe nne Novemba. Hapa Busia kumeamka na ukungu na manyunyu kidogo. Andika hivyo hivyo. Sasa simu inaita... nyamazeni.

LEVIS: Haloo? Ni nani? Haloo?

BRENDAH: Habari ya asubuhi, Levis. Ni Brendah.

LEVIS: Brendah gani?

BRENDAH: Yule uliyemwita mwizi.

LEVIS: Aa... dada Brendah! Umebadilisha namba? Siku nyingi! Habari za huko?

BRENDAH: Mungu ni mwema. Uko Malaba?

LEVIS: Niko ofisini, malori yamejaa mpaka— ngoja, nisogee. Hizi honi! Haya, sema. Unakatika-katika lakini.

BRENDAH: Sitazunguka. Jana saa nne asubuhi ulikuwa kazini pia?

LEVIS: Kabisa. Na kazi ilikuwa nyingi.

BRENDAH: Saa nne na dakika tano ulianza kucheza Falme, ule mchezo wetu wa kadi, kwa kompyuta ya ofisi. Mechi tisa. Sita ukapigwa.

LEVIS: Nani amekwambia—

BRENDAH: Ya saba ulitoa kadi ya Nzige mapema, ukabaki mikono mitupu.

LEVIS: (anacheka) Umeanza unabii? Kufunga na kuomba kumekolea!

BRENDAH: Nimefunga kweli. Siku tatu. Nilimwomba Mungu aniondolee hii hasira. Hakuiondoa. Nikajua ameniachia kwa kazi.

LEVIS: Kazi gani, dada?

BRENDAH: Kumbuka yale mashindano ya ukumbi wa Malaba, mwezi wa nane. Watu arobaini. Ulisimama juu ya kiti, ukasema, "Huyu mama ana programu ya kuchungulia kadi zetu!"

LEVIS: Si ulikuwa na traka kwa laptopu? Niliiona na macho yangu.

BRENDAH: Traka inachungulia kadi ya nani? Inaandika zilizotoka mezani. Inahesabu zilizobaki kwa deki yangu. Mechi ikiisha inaihifadhi, niisome nione nilikosea wapi. Ni daftari tu!

LEVIS: Lakini hayo mambo— (mikwaruzo) —zamani. Tusahau.

BRENDAH: Wewe usahau. Mimi nilipigwa marufuku kucheza. Kanisani nikaambiwa nisifundishe watoto tena, eti mwizi wa kompyuta atawafundisha nini. Watoto wa Busibwabo, Levis! Mmoja aliniuliza kama naenda jela.

LEVIS: Pole. Lakini kanisani kwenu mimi sikufika.

BRENDAH: Maneno yako yalifika. Sasa niambie. Ile siku uliazima laptopu yangu uchape barua, ulinakili nini kwa flashi?

LEVIS: Barua tu... Unakatika-katika tena, dada.

BRENDAH: Ulinakili folda nzima ya traka, na akaunti yangu ikiwa wazi ndani. Hata jina hukubadilisha. Kila mechi unayocheza inajiandika kwangu. Mpaka jana, mia moja na nane.

LEVIS: Manze...

BRENDAH: Deki yako ya mashindano ya Jumamosi ninayo. Kadi thelathini zote. Umeipa na jina: "Brendah Kwisha."

LEVIS: Huo ulikuwa utani! Dada, usi— utampa Ochuodho? Ndiye nafungua naye Jumamosi! Atanimaliza mbele ya bosi wangu!

BRENDAH: Nimefikiria hivyo, usidhani sijafikiria. Jibu swali moja. Ulijua traka inaruhusiwa?

LEVIS: (pumzi) Nilijua.

BRENDAH: Sijasikia.

LEVIS: Nilijua! Iko kwa sheria za mashindano, ukurasa wa pili.

BRENDAH: Sasa kwa nini?

LEVIS: Ulinipiga mara tano, Brendah! Mfululizo! Muuza omena wa soko la Busia, na mimi ndiye nilikufundisha kushika kadi. Walinicheka mpaka— ni Shetani aliniingia.

BRENDAH: Mwache Shetani. Yeye hana flashi.

(kicheko)

LEVIS: Nani anacheka hapo?

BRENDAH: Mama Roselida, mkuu wa walimu wa watoto kanisani. Na Emojong, msimamizi wa mashindano. Uko kwa spika tangu useme haloo.

LEVIS: Wewe mwanamke!

ROSELIDA: Levis, nimeandika yote, na tarehe iko. Brendah mwanangu, Jumapili watoto ni wako.

EMOJONG: Na marufuku imeisha, Jumamosi anacheza. Levis, nataka ahadi. Sasa hivi, kwa sauti.

LEVIS: Mzee Emojong... Sawa. Sawa! Jumamosi, kabla ya mechi ya kwanza, nitasimama juu ya kiti kile kile, niseme Brendah hakuiba. Halafu najitoa, nirudi nyumbani.

BRENDAH: Hapana! Mzee, asitoke. Ochuodho mpe mpinzani mwingine. Huyu niwekee mimi.

EMOJONG: Mechi ya kwanza?

BRENDAH: Ya kwanza. Watu wakiwa bado wamejaa.

LEVIS: Dada, si uliokoka? Nisamehe basi!

BRENDAH: Hiyo bado naiomba, sijajibiwa. Kredo ya simu inaisha, sikiza. Badilisha deki ukitaka, una siku nne. Mama Roselida, Mzee Emojong, nyinyi ni mashahidi: naahidi Jumamosi traka nitaizima, kila mtu aone imezimwa. Zile mia moja na nane nimezisoma zote, na kadi nimesahau. Nimemsoma mtu. Levis, nitakupiga mara ya si— (simu inakatika)