Tairodi ya Mume wa Evodia

Ndani ya Noah ya abiria ya kutoka Kibaigwa, mbele yangu alikaa mama mmoja, Evodia. Alipakata tairodi mpya, kile chuma kinachounganisha stelingi na gurudumu, kaiviringishia kanga kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Jirani yake, dalali wa mahindi aitwaye Rehani, akamuuliza gari lake lina nini.

"Ya zamani imelegea, kaka. Mume wangu akitoka kazini gari linavuta kushoto mpaka kwa Bupe, yule anayekaanga samaki wa Mtera. Anasema akishindana nalo atapinduka."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi kwa Bupe kunakuwa kulia. Linanyooka tu."

Nikakohoa, maana kucheka mambo ya watu si adabu.

"Dada," Rehani akamwambia, "tairodi ikichakaa inagonga, na gari linayumba popote. Haichagui samaki. Lakini funga hiyo, kisha upeleke alaimenti, kunyoosha magurudumu."

"Nipeleke gari au mume?"

"Anza na gari. Likivuta tena, utajua."

Evodia akaifunika tairodi vizuri, mpaka ile ncha yenye grisi. "Sasa hivi nailaumu ya zamani, nalala. Nikifunga mpya nitamlaumu nani?"

"Si utakuwa umeupata ukweli?"

"Nani kakwambia nautafuta?"

Dereva akasimamisha gari. "Gereji. Nani anashuka gereji?"

Rehani akamtazama Evodia. Evodia akatazama nje, ambako mafundi walikuwa wanagonga mabati kwa nyundo hadi masikio yanauma.

"Leo wamefunga," alisema.