Mlezi wa Mama Yangu

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi, ndugu wageni waalikwa, wahitimu wetu, na wazazi wenzangu. Naona mnacheka. Ndiyo, wazazi wenzangu. Nimeitwa kusema kwa niaba ya wazazi na walezi, na barua ya mwaliko ninayo mfukoni.

Niruhusuni nieleze. Miaka mitatu iliyopita mama yangu, aliyedeki sakafu za wodi ya watoto kwa miaka kumi na tisa, alikuja hapa kuomba nafasi ya kusomea uuguzi, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba. Fomu ilitaka saini ya mzazi au mlezi. Mama akamwambia karani, "Mwanangu, wazazi wangu wote wameshatangulia." Karani akajibu, "Pole, mama, lakini fomu yenye pengo siipokei. Tafuta yeyote wa ukoo." Jioni ile alinikuta gereji, mikono imejaa rangi ya gari la watu, akanipa kalamu. Tangu hapo matokeo yake yanaletwa kwangu. Muhula wa kwanza alipofeli hesabu za dawa, nilimweka kitako nikamuuliza anatembea na kundi gani huko chuoni. Alinirushia kandambili, ila muhula uliofuata alifaulu.

Ndugu zangu, ada mnaijua. Kijana akikwama, ana baba wa kumpigia simu. Mtu mzima akikwama, ampigie nani? Mama alikuwa akifua shuka za nyumba ya wageni alfajiri, ndipo aje darasani. Mwaka wa tatu nyumba ile ikafungwa, na ada ya muhula wa mwisho ikawa haina pa kutoka. Hakuniambia neno. Aliandika barua ya kuacha masomo, akampelekea karani yuleyule, naye, Mungu ambariki, akamrudisha: barua hiyo nayo lazima isainiwe na mlezi.

Akaniletea. "Saini tu, baba," akasema, "na wewe una mambo yako." Alijua naweka akiba ninunue kompresa yangu, niache kupuliza rangi kwa ya bosi. Nimemtii mama maisha yangu yote. Siku ile nilikataa. Nikamwambia, "Mwanafunzi, rudi darasani. Mambo ya ada mwachie mlezi wako." Akalia, nami nikalia, kisha akaniuliza kama nimekula. Kompresa bado naazima. Bosi wangu yule pale nyuma, anatikisa kichwa.

Wapo wanaonisifu kwa hilo. Naomba wasinisifu. Mama aliwahi kuwa mwanafunzi kabla ya hapa, tena wa kwanza darasani, akiwa na miaka kumi na saba. Siku moja ikaletwa barua ya kumtoa shuleni, na babu, aliyekuwa mlezi wake, akaisaini wima, hata kiti hakuvuta. Sababu ya barua ile ilikuwa mimi, tumboni. Miaka yote hii mama hajawahi kunitajia, hata siku nilizomkasirisha. Nimeambiwa na shangazi.

Mama, nakupenda. Simama, nesi, watu wakuone.

Nami sina zaidi. Ahsanteni nyote kwa kunisikiliza, mimi na saini yangu niliyoinyima barua moja tu.