Mama Subiri-Kwanza na Nakala za Mwisho

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi wakubwa wa maktaba mliokaa safu ya pili mkijipepea kwa karatasi ya ratiba, haya ndiyo maisha ya dada yetu kama familia inavyoyajua, yameandikwa na mdogo wake, fundi wa kuchomelea, ambaye ndiye anayewasomea, na kama mtaona mahali ametia chumvi, jueni kwamba iliyobaki nyumbani ni nyingi zaidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1964, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa seremala na mshona nguo, akafuatiwa na wadogo watatu, kitinda mimba akiwa huyu fundi, na tangu utotoni hakukubali jambo lolote mpaka alione kwa macho yake, hata akiambiwa chakula kimeiva alifunua sufuria kwanza, jambo lililomkera mama yetu hadi akamuuliza, “Hivi wewe mtoto, ni mimi niliyekuzaa au ni wewe uliyenizaa?”

Alianza shule ya msingi mwaka 1971, akaendelea na sekondari ya wasichana mwaka 1978, kisha akasomea ukutubi kuanzia mwaka 1984 hadi 1986, na hapa familia inakiri kwamba elimu yote ya ukoo ilimwangukia yeye, kwani huyu mdogo wake aliishia shule ya msingi, ingawa kwa akili za kuzaliwa hajaona wa kumshinda mtaani.

Tarehe 1 Septemba 1986 aliajiriwa kuwa karani wa dawati la kuazimia vitabu katika maktaba ya chuo, akapanda ngazi hadi kuwa mkutubi mwandamizi, na tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na mpima ardhi ambaye alichelewesha kitabu cha ramani wiki tatu, akakaripiwa mbele za watu, akarudi kesho yake kuazima kingine, na kesho kutwa kingine tena, mpaka wazee wakatumwa. Walijaliwa watoto wawili, mkunga aliyezaliwa mwaka 1990 na fundi umeme aliyezaliwa mwaka 1994, na wajukuu watatu ambao wote wamekatazwa kukunja kona za kurasa.

Sasa tufike kwenye kazi iliyommaliza, maana moyo ndio ulioandikwa hospitalini, lakini sisi tunajua kilichouchosha. Mwaka 2009 vyuo vitano vilikubaliana kutumia vitabu kwa pamoja, orodha iwe moja kwenye kompyuta, mwanafunzi wa chuo hiki aazime kitabu cha chuo kile, na kitabu kisichoazimwa miaka kumi kiondolewe rafuni, mradi chuo kingine kinacho, mpango ambao kwenye karatasi ulikuwa mtamu kama asali. Tarehe 3 Mei 2016 akaja mwalimu wa madaktari wa mifugo akitaka kitabu cha zamani cha magonjwa ya kwato, kompyuta ikasema vyuo vyote vitano vinacho, marehemu akaenda rafuni akakuta pengo, akapiga simu chuo cha pili wakamjibu, “Aa, sisi tulikitoa, si ninyi mnacho?”, cha tatu wakasema walikitoa kwa kuwa cha nne wanacho, cha nne walikitegemea cha kwanza, na cha tano wakaomba wapewe muda wa kutafuta, muda ambao mpaka leo haujaisha. Baadaye majalada yalionyesha kwamba vyuo vyote vitano vilikuwa vimekitupa kitabu hicho ndani ya mwezi mmoja, kila kimoja kikimtegemea mwenzake, kama mtaa ambao kila nyumba imezima moto ikijua itaomba kaa kwa jirani, na kilichomuuma zaidi dada yetu ni kwamba alipofungua jalada la vitabu vilivyoondolewa chuoni kwake, sahihi aliyoikuta pale chini ilikuwa ya mkono wake mwenyewe.

Kuanzia siku hiyo hakukaa kikao akanyamaza, kila wenzake walipotaka kupitisha orodha ya vitabu vya kutupwa aliinua mkono akasema, “Subiri kwanza,” na wao wakaguna, wakatazama saa, wakambandika jina hilo. Alizunguka maktaba zote tano kwa miaka miwili akiwa na penseli na kitambaa cha vumbi, akilinganisha orodha na rafu, rafu kwa rafu, akagundua kwamba vitabu mia sita na kumi na moja vilikuwa vimebaki nakala moja tu kwa vyuo vyote vitano, vyote vikiwa chuo cha tano, na vyote viko njiani kwenda kusagwa kuwa maboksi. Kamati ya pamoja ya vyuo hivyo, ambayo naye alikuwamo, ikamjibu kwa michoro ya rangi kwamba kitabu kisichoazimwa hakina msomaji, akawaeleza kwamba watu huvisoma wakiwa wamesimama pale pale rafuni na kuvirudisha, ndiyo maana juu havina vumbi, wakamwambia kompyuta haina sehemu ya kuandika vumbi.

Alirudi nyumbani siku hiyo amefura, akatuita sote sebuleni, akatugawia kadi za maktaba, kwa sababu wanafamilia wa wafanyakazi waliruhusiwa kuazima vitabu sita kwa mara moja katika chuo chochote kati ya vile vitano, akasema kama kompyuta inataka waazimaji basi itawapata. Mumewe aliazima, mkunga akaazima, fundi umeme akaazima na kulalamika, lakini aliyeazima kuliko wote ni huyu mdogo wake, ambaye kwa mwaka mmoja na nusu hivi alibeba vitabu mia tatu na kumi na nane kwenye baiskeli ya kubebea vyuma, vya minyoo ya maini ya kondoo, vya mifereji ya maji machafu, vya lugha ambazo wenyewe walishakufa, na asidanganye mtu kwamba hakuvisoma, alisoma mwanzo wake vyote na picha zote, hata leo ng'ombe akipita nje ya karakana anaweza kuwaambia ukwato upi una kasoro bila kuinua kichwa.

Mpango ulikuwa unakwenda vizuri, na ungeendelea hivyo, lakini mwezi Oktoba 2019 kamati ilichambua uazimaji wa vyuo vyote vitano, ikakuta kwamba msomaji namba moja, aliyewapita maprofesa na wanafunzi wa uzamili, ni mtu mmoja mwenye kadi ya familia, wakamwita mtafiti wa fani nyingi, wakamwandikia barua aje azungumze kwenye semina yao. Mtu mwenye busara angekataa, ila huyu fundi alishona suti, akaenda tarehe 7 Novemba 2019, akazungumza dakika arobaini juu ya kwato, minyoo na mifereji, wakapiga makofi, na mwalimu mmoja alipomuuliza eneo lake la utafiti ni lipi, akajibu kwa kujiamini kabisa kwamba ni milango, madirisha na mageti, akawapa na namba ya simu.

Walifuatilia kadi, wakamfikia dada yetu, wakamwandikia barua ya onyo tarehe 12 Novemba 2019, wakamtoa kwenye kamati, wakafuta uazimaji wa familia nzima, na vile vitabu mia sita na kumi na moja vikarudi kwenye orodha ya kutupwa kama vile hatukuviinua hata siku moja. Hakumpigia kelele mdogo wake, bora angepiga, alikaa tu ukingoni mwa kitanda, akavua viatu, akasema, “Mdogo wangu, mimi nilikutuma uazime, nani alikutuma uhutubie?”, na maneno hayo huyu fundi amelala nayo na kuamka nayo miaka minne.

Alianza upya kwa barua, akavitaka vyuo vyote vitano visaini sharti moja fupi, kwamba hakuna chuo kitakachotupa kitabu mpaka vile vingine vinne vijibu kwa maandishi kwamba mtu wao amekishika chao kwa mkono. Vyuo vinne vilisaini kati ya mwaka 2021 na 2023, kwa kuzungushana, kwa kupoteza barua, kwa kuomba nakala ya barua waliyoipoteza, na cha tano kikajibu mara sita kwamba suala hilo litapelekwa kikao kijacho.

Mwezi Februari 2022 aligundulika kuwa na moyo uliopanuka, akatibiwa na kuambiwa apumzike, ushauri ambao hakuufuata hata kidogo, na tarehe 9 Oktoba 2023 akalazwa hospitali kuu, wodi namba nne, orodha ya vile vitabu mia sita na kumi na moja ikiwa chini ya mto. Alimtuma mdogo wake kwenye stoo ya chuo cha tano, akavishike vyote kimoja kimoja, akavikuta vimefungwa kamba karibu na mlango, tarehe ya gari la kuvichukua imeandikwa ukutani kwa chaki, 30 Novemba, akarudi kutoa taarifa, akarudishwa mara mbili kwa sababu hakuandika vilivyopasuka jalada, na safari ya tatu, alipoleta karatasi iliyokamilika, dada yake aliisoma yote, akampigapiga mkono, akafumba macho kidogo. Aliaga dunia tarehe 7 Novemba 2023, saa nne asubuhi, binti yake mkunga akiwa pembeni, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne waliovumilia kusahihishwa mafaili yao, majirani waliotupa viti na mikono, na wafanyakazi wenzake wa vyuo vinne. Mkuu wa maktaba ya chuo cha tano, ambaye tunamwona na tunamshukuru kwa kuja, familia haijamwandikia shukrani za kazi, ila imeacha mstari mmoja mtupu hapa chini, utakaojazwa siku atakaposaini, na karatasi ya sharti iko mfukoni mwa huyu fundi, na historia hii haitawekwa kwenye sanduku la nyaraka la familia kabla mstari huo haujajazwa.

Dada, shemeji na watoto wako wapo salama, pumzika kwa amani, safari hii mdogo wako hahutubii, anasubiri sahihi tu.