Kalamu Iliyokuwa Sakafuni

RISALA YA WAGONJWA WA MAUMIVU SUGU KWA MKURUGENZI WA HUDUMA ZA TIBA

Mgeni rasmi,

Assalamu alaykum. Karibu Kikwajuni kwenye kliniki yetu ya Alhamisi. Ukisikia vicheko usidhani umekosea mlango.

Tulikotoka

Tumekubaliana kukueleza habari za mmoja wetu, Bi Maisara Kheir, mkulima wa mwani wa Jambiani. Ameridhia, kwa sharti tusimtie chumvi.

Miaka minne alitibiwa mgongo kwa sindano tu, kwenye kituo tusichokitaja. Kila akienda huulizwa, "Hujambo, Bi Maisara?" Naye, kama alivyolelewa, hujibu, "Sijambo, alhamdulillahi." Daktari akaandika: hajambo, sindano imemfaa. Kumbe nafuu ilikuwa ya siku tatu, na mgongo unamkata vipande. Akaacha kwenda harusini. Akawa anasali kitini, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko mgongo.

Tulichopata

Alipofika hapa, Mehreen, mtaalamu wetu wa viungo, hakumuuliza hali. Aliangusha kalamu akamwomba amwokotee. Bi Maisara akaitazama, akasema, "Mwanangu, iwache hapo hapo. Ntakununulia nyengine."

Siku hiyo hiyo wataalamu watatu walikaa naye meza moja. Dokta Almas alimpangia dawa upya, Mehreen akampa mazoezi na kumfundisha kufunga mbegu za mwani juu ya meza badala ya kuinama. Bi Wanu wa nasaha akagundua kuwa mwenzetu alikuwa haogopi maumivu tu, bali aliamini akijikunja uti utavunjika. Dokta hakulijua hilo, na Mehreen asingelijua peke yake.

Mwezi wa tano tangu aanze kuja hapa, alisujudu. Alikaa kwenye sijda hata mwanawe, Kurwa, akadhani amekwama. Alikuwa analia kwa furaha.

Hatusemi tumepona. Maumivu yapo, lakini hayatupangii tena siku zetu.

Kinachotukwaza

Tumeambiwa chumba hiki kinahitajika, na kuanzia mwezi ujao daktari atatuona Jumatatu, viungo Jumatano, na nasaha itahamia Jang'ombe. Safari tatu kutoka Jambiani kwa mgongo ule ule. Na kila mtaalamu atamuuliza Bi Maisara hali kwa wakati wake, na jibu lake unalijua.

Tunachoomba

Mgeni rasmi, tuachie Alhamisi yetu, wataalamu wote watatu ndani ya chumba kimoja. Chumba kikiwa kidogo tutabanana.

Huenda umejiuliza kwa nini viti mlivyotuletea vi vitupu. Havina kasoro, tunashukuru. Sote thelathini na mmoja tumesimama tangu neno la kwanza la risala hii, ili ujionee mwenyewe kazi ya Alhamisi.

Mwenyezi Mungu akupe afya, na akufungulie kila la kheri katika uamuzi wako.

Ni sisi,
Kikundi cha Alhamisi, Kikwajuni

Imesomwa na Msabah Mmanga, Katibu