Kinga Yenye Nilitambua Chini ya Samaki

Bamama ya kikundi, na ninyi bapapa benye mumesimama kule mlangoni, mumeniomba niseme namna nilianguka na namna nilisimama. Kuanguka nitasema. Kusimama, mutapima ninyi wenyewe. Musipige vigelegele mbele nimalize, juu sioni pa kuvipigia.

Mimi na bwana yangu tulikuwa tunakaa Beni, commune ya Mulekera. Alikuwa anauzisha bipande bya kinga, baiskeli: minyororo, pneus za magurudumu, bintu kama hivyo. Mais ugonjwa yake ilikuwa kinga ndogo za BMX, zile za zamani, zenye batoto ya Ulaya balipanda miaka mingi mbele sisi tuzaliwe. Munazijua. Zinafikaga Butembo ndani ya container, zimefinyiliwa katikati ya frigo na bitanda bya occasion, byenye kutumika, na bacommerçants banazitupa pembeni. Bwana yangu akisikia container inafunguliwa, anapanda moto, pikipiki ya kukodi, anashuka Butembo, anarudi jioni na chuma ya kutu mugongoni. Anaitundika ku musumari ndani ya salon ya nyumba, pale bengine banatundika picha ya ndoa.

Bajirani balicheka. Baliuliza kama tutazaa batoto ngapi juu ya kupanda zile kinga zote. Na mimi nilicheka. Kisha akaniomba nimusaidie, juu nilimaliza secondaire na ninasoma kifaransa mbio kuliko yeye, na alikuwa na picha za zamani nyingi ndani ya téléphone, zenye kuonyesha kila aina na mwaka yake. Tukawa tunakaa chini, mimi ninasoma, yeye anapapasa chuma. Donc nilijua. Ninawaambia bila kujisifu: nilijua kumushinda.

Musifikiri kinga zote ndogo ni ndugu. Mutu asiyejua anaangalia rangi, na rangi inadanganya, inatoka, inapakwa tena. Mwenye kujua anapindua kinga, magurudumu juu. Anaangalia chini ya pédales, pale fabrique ilipiga namba ndani ya chuma. Anaangalia shingo, kama kuna kipande ya pembe tatu. Anaangalia nyuma. Kinga nyingi, bomba za nyuma zimekatwa na kuunganishwa pale gurudumu inafungiwa. Mais iko aina moja, bomba inashuka kutoka kiti, inazunguka pale gurudumu inafungiwa, inarudi mpaka ku pédales, bomba moja imekunjwa bila kukatwa. Ya vile tulikuwa nayo moja tu. Bwana yangu aliiita Koko, kama vile tunaita bibi. Ilifika na tundu ndogo upande wa kushoto, na yeye akaiziba na shaba, pole pole, siku nzima, juu hakutaka soudeur yeyote, mwenye kuchomelea chuma, aiguse.

Na kuko tabia yetu moja hapa, mutanisikia vibaya: kinga ikishafika tu, tunatwanga namba na lime, tupa ya kusugulia, mpaka chuma inakuwa laini. Juu ya barrière, kizuizi ya barabarani. Kinga iko na namba, banauliza document. Kinga haina namba, banauliza kitu ingine, franga kidogo, unapita. Bwana yangu alikataa hiyo. Alisema namba ni jina, na mutu hafutagi jina ya mutu.

Bon. Adui, bale benye silaha ya kutoka pori, baliingia upande wa mashamba, kule Kalunguta. Mama mukwe wangu alikuwa kule, ndani ya shamba ya kakao. Bwana yangu akatafuta moto, bamotards bote bakakataa, na siwalaumu. Kinga zote za salon zilikuwa bila magurudumu, ni cadres, mifupa ya chuma, tu ku ukuta. Koko peke yake ilikuwa na pneus, juu mutoto wetu musichana alikuwa anaipanda ndani ya parcelle, kiwanja ya nyumba. Akaikamata. Bwana yangu ni mutu murefu, magoti yake yalikuwa yanagonga guidon, usukani. Mutoto akacheka sana. Yeye pia akacheka, akatoka.

Mama mukwe alifika kesho yake na miguu yake mwenyewe, alipita njia ingine. Bwana yangu hakufika.

Mwanzo tulilia bote pamoja. Kisha maneno ya familia yake ikaanza kugeuka. Kaka yake mukubwa akasema hakuna maiti, donc hakuna kifo. Akasema mutu mwenye kupenda bintu bya batoto hakaagi ku nyumba, atakuwa amevuka Uganda na mwanamuke mwingine. Alisema hivyo mbele ya mutoto wangu. Padri, yeye kwa upole, akanieleza kwamba hawezi kusoma misa ya marehemu kwa mutu mwenye hatujui kama amekufa; tumuombee kama mutu wa safari. Safari gani? Niliuliza.

Kisha Mulekera pia ikawa moto, tukakimbia. Nyuma yetu balivunja mlango. Zile cadres za salon, benye kuiba hawakujua ni nini. Balizikata kutengeneza porte-bagages, bibebeo bya nyuma ya kinga. Bintu bya zamani, byenye bilivuka bahari bikafika bizima, bikatwe juu ya kubebea mifuko ya makala. Bengine benu munasema, hiyo ni chuma tu, mama. Sawa. Ni chuma. Mais ilikuwa ni miaka ya mutu.

Nikafika hapa Butembo na mutoto mukononi, nikasikia kuna kikundi cha bajane ya parokia. Nikaja. Na ninyi, ninyi wenye mumekaa hapa mbele, mukaniuliza: bwana yako alikufa? Nikasema sijui. Mukasema kikundi ni ya bajane. Mukasema nirudi nikishajua. Ninasema hiyo mbele yenu juu mulinipatia nafasi ya kusema kweli. Nilitoka pale ninatukana, na benye balinisikia wanakumbuka matusi yangu. Sirudishi hata moja.

Pale ndipo nilianguka kabisa. Siko muke wa mutu, siko mujane. Familia ya bwana haiko yangu, ya kwetu banasema nirudi kwa bwana. Nikawa ninalala ku mukeka mpaka jua inakuwa kali. Sichani mutoto nywele. Ninapigana ku robinet ya maji na mutu yeyote. Mutoto wangu akajifunza kuomba chakula kwa bajirani na heshima, na mikono mibili, "mama nisaidie." Nilimusikia kupitia ukuta. Ile heshima yake ndiyo ilinichoma kuliko njaa.

Nikajiambia: batu banasema uongo, mais kinga haisemagi uongo. Kama alivuka Uganda, alivuka na Koko, ao aliiuzisha mahali. Hawezi kuitupa. Nitafute kinga, nijue. Nikaanza kuzunguka. Ku soko, ku ateliers ya basoudeurs, ku nafasi banashusha samaki, kila kinga ndogo ninaiomba niipindue. Chini ya pédales ni laini, laini, laini. Namba zote zimetwangwa. Nikawa ninalaani mji muzima. Batu bakaniita mama-BMX. Batoto ya barabara wakiniona bananiletea guidon zimevunjika na kucheka.

Siku moja ya soko, mwanaume anapita mbele yangu na samaki ya Kyavinyonge, tilapia ya kukausha, mizigo mirefu kuliko yeye, anasukuma. Chini ya mizigo ni kinga ndogo, imepakwa rangi ya kijani ya portail, mlango ya inje, na porte-bagage ya fer à béton, nondo ya kujengea, imechomelewa nyuma. Sikuona kitu ingine isipokuwa ile bomba ya nyuma, inashuka, inazunguka, inarudi. Nikashika kiti.

"Kaka, pindua kinga."

"Dada, niko na samaki."

"Shusha samaki."

"Ni samaki ya baba yako?"

Bamama ya soko bakacheka. Mumoja akanitupia: "Wee, unatafuta bwana ao unatafuta kinga?"

"Byote bibili," nikamuambia.

Yule kaka alishusha mizigo, si kwa huruma, alitaka tu nimuache. Tukaipindua. Namba hakuna, chuma laini. Nikakwaruza rangi na ufunguo upande wa kushoto. Shaba ikatokea, njano, pale pale.

"Ni ya bwana yangu."

Akaogopa. Alifikiri nitaita polisi. Akasema haraka haraka yeye si mwizi, ni shemeji yake wa Kalunguta alimupa juu ya kazi ya samaki. Nikasema amuite. Akapiga téléphone, akaweka sauti inje, na bale bamama bote bakasogea.

"Shemeji, ile kinga ya batoto, uliitosha wapi?"

"Juu gani? Imevunjika?"

"Hapana. Kuko dada mumoja hapa, anasema ni ya bwana yake."

Shemeji akashusha sauti. Kisha: "Anasikia?"

"Anasikia."

"Mama, pole. Haikuwa peke yake. Mwenyewe alikuwa pembeni yake. Tulimuzika pale pale ndani ya kakao, sisi bavijana, hatukuwa na wakati ya kumubeba. Tulimufunga macho, mama. Alikuwa mutu murefu. Tulijiuliza, mutu murefu vile anafanya nini na kinga ya mutoto."

Nikamuuliza kitu kimoja tu: juu gani alitwanga namba.

"Barrière, mama."

Basi.

Ninyi bote munangojea niseme nilipiga kelele. Sikupiga. Niliketi chini ku udongo ya soko, na nikasikia kitu yenye nitawaambia hata kama itawachukiza: nilisikia kupumzika. Hakutoroka. Hakuvuka na mutu. Alikuwa anaenda kutafuta mama yake. Ile jina ya mutu mwenye kukimbia muke wake, yenye kaka yake alimupakaa, ikatoka kama rangi.

Yule kaka wa samaki aliniambia nichukue kinga. Nilikataa. Samaki zilikuwa zingali chini, na yeye pia iko na batoto. Tena sikutaka mutoto wangu aione na ile porte-bagage. Nilimusaidia kupandisha mizigo, akaenda.

Musiniambie Mungu alinirudishia. Hakunirudishia kitu. Pale alizikwa siwezi kufika mpaka leo, adui banapita kule banapotaka, na ile kakao kuna mutu mwingine anaivuna juu yake. Parcelle ya Mulekera kaka yake amekwisha kuweka mutu ndani. Huyo kaka yake alikuja ku matanga, alikula, aliketi nyuma, hakusema samahani. Mimi leo ninatengeneza kinga pembeni ya barabara, mikono yangu iko na mafuta hata siku ya Mungu, mutaiona. Mutoto amerudi ku masomo. Nywele zimechanwa. Ndiyo kusimama kwangu, haina ingine.

Sasa shukrani. Yule mama mwenye aliniambia nirudi nikishajua, yeye ndiye alikuja wa kwanza ku matanga, akalala chini pamoja nami, akanipikia fufu, akaniomba radhi na mdomo wake, si kupitia mutu. Nilikuwa nimetayarisha matusi. Nikakula fufu. Bamama ya soko, benye balinicheka, baliacha meza zao bakanisindikiza mpaka nyumbani. Padri alisoma misa na akataja jina yake yote, bila haraka. Na bale bavijana ya Kalunguta siwajui sura, mais walimufunga macho bwana yangu kwa nafasi yangu. Wasingya kutsibu, aksanti sana kwa luga yetu.

Fundisho yangu ni hii, na ninaisema na hasira juu ninyi bote munafanya: muache namba. Mupeleke document ao mubishane ku barrière ao mulale pale, mais muache namba ndani ya chuma. Adui akituua anatuacha bila jina. Tusimusaidie na lime yetu. Kinga ikipita mukononi mwangu bila namba, ninapiga herufi za jina ya mwenyewe na musumari na nyundo, sikuulizi kama unataka. Bengine banakasirika. Bakasirike.

Tangu batu wasikie habari hii, bamama bananiletea picha. Moto ya bwana, kinga ya kaka, hata chukudu, ile kinga ya mubao ya kubebea mizigo. Mbili nimekwisha kupata. Hakuna moja ilileta mutu muzima, ninawaambia mbele mutumaini.

Mama mwenye alinipatia picha leo mbele ya misa, ya kinga nyekundu ya mutoto wako wa kiume: nimeiangalia vizuri. Iko na shingo yenye ninaweza kuitambua hata bila rangi. Enda nyumbani, ujiulize kwanza kama unataka kujua. Kama unataka, nitaitafuta. Na nikiipata, nitakuja mwenyewe kwako, sitatuma mutu.