Mshipa Upi?

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe tena. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, marahaba, hata kama hamjaniamkia, maana nawafahamu.

Mchungaji amenipa nafasi fupi na amenionya nisianze habari za ng'ombe. Sianzi. Nataka niwaambie habari ya mguu wangu huu wa kushoto, jinsi ulivyotaka kufa mimi mwenyewe nikiwa hai. Na kilichotaka kuuua ni neno moja tu. Neno lenyewe ni mshipa.

Wengi mnajua nilikuwa na mshipa. Hospitali wanauita ngiri, lakini sisi wanaume wa Kenyamonta tunasema fulani ana mshipa, na tukisema tunapunguza sauti. Wangu nilikaa nao miaka, nachunga nao, nalima nao, na kila jioni naurudisha ndani kwa vidole kama mtu anayerudisha kuku bandani. Kina mama, msicheke, wenye nao humu ndani mnawajua. Mwishowe ukagoma kurudi, nikakubali kwenda kupasuliwa.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo nilipopotea. Mimi pia nina moyo unaopiga ovyo, unarukaruka. Kliniki walikuwa wamenipa vidonge vya kumeza kila siku, wakaniambia ni vya mishipa, damu isigande. Wao walikuwa na maana ya mishipa ya damu. Mimi nikasikia mshipa, nikajua ni dawa ya kile kitu changu cha kurudisha kwa vidole. Ndugu zangu, nilivimeza muda wote ule nikishangaa mbona hakipungui!

Daktari akaniambia nivisimamishe kabla ya kupasuliwa, nisije nikavuja damu nyingi. Nikasimamisha. Upasuaji ukaenda salama. Siku ya kuruhusiwa, nesi mmoja, dada mpole, kwao Songea, akaniambia, "Baba, kuanzia kesho urudie zile dawa zako za mishipa. Usiache. Na mguu ukivimba au ukiuma, mnipigie simu." Namba akampa mke wa mwanangu, aliyekuwa amekuja kunichukua pamoja na mama watoto. Nikaitikia, ndiyo, ndiyo. Moyoni nasema, huyu dada vipi? Mshipa si wameshaushona? Dawa za nini tena?

Nilipofika nyumbani, vidonge nikampa jirani yangu, ambaye naye ana mshipa. Eh, mnacheka! Nilimpa kwa upendo kabisa. Bahati njema hakuvimeza, alisema anamalizia kwanza palizi.

Siku zikaenda. Kidonda kinakauka, nakunywa uji, najisifu kwa kila anayekuja kunipa pole. Asubuhi moja mama watoto akaenda msibani Machochwe. Mwanangu yeye yuko kazini Ikoma, kwenye hoteli ya watalii. Nyumbani tukabaki mimi na mke wake. Mara nikasikia mguu wa kushoto umeshikwa, kuanzia gotini hadi kwenye vidole. Jamani! Nimetahiriwa mimi mbele ya watu na kope sikupepesa, lakini maumivu yale yalinitoa machozi. Halafu ikaja ganzi. Nikajaribu kusimama, mguu ukakataa kunitii, nikaanguka chini pwaa.

Wenzangu Wakurya mnajua, na ninyi walimu na manesi mliotoka mikoa ya mbali mmeshajifunza: mke wa mwanao hakusogelei. Haingii chumbani kwako, hakushiki. Siyo chuki, ni heshima. Yule binti uji wangu huuweka mlangoni, anabisha, anaondoka. Sasa amesikia kishindo, amekuja mbio, amesimama pale mlangoni.

"Baba, umeanguka?"

"Sijaanguka."

"Niingie?"

"Usiingie!"

Niko chini sakafuni, ndugu zangu, mguu unakufa, na bado nakataza watu.

Akakimbia kumwita kaka yangu, ambaye mji wake uko jirani na wangu. Kaka akaja na fimbo yake, akaniinua, akanilaza kitandani, akautazama mguu. Akasema, "Walisema tuangalie uvimbe. Huu umevimba? Haujavimba. Ni mwembamba kama wa mbuzi. Uliulalia vibaya, ganzi hiyo, itaisha." Akatoka kukaa nje kwenye jua. Nami nilifurahi. Si haujavimba? Hatukujua kwamba damu inaweza kugandia mahali pawili. Ikigandia njia inayoirudisha moyoni, mguu unavimba. Ikigandia njia inayoleta damu kutoka moyoni, mguu hauvimbi, unakauka kama shamba lililokatiwa maji.

Binti bado yuko mlangoni, haondoki. Akauliza, "Baba, unaweza kuchezesha vidole?" Nikajaribu. Havichezi. Akauliza, "Mbona huo mguu umekuwa mweupe?" Akafunga kanga yake vizuri, akasema, "Baba, nisamehe," akaingia. Akaweka mkono mmoja juu ya mguu wa kulia na mwingine juu ya wa kushoto.

Kaka alimwona kupitia dirishani. Alipiga kelele, akiniita mura, kijana, kama Wakurya tunavyoitana! "Mura! Mke wa mwanao amekushika mguu!" Mimi nikaona aibu, nikageukia ukutani. Binti wala hakugeuka. Alisema, "Baba, huu una joto na huu ni wa baridi kama jiwe. Hii siyo ganzi." Akatoa simu, akampigia yule nesi, akaweka sauti kubwa.

Nesi akamuuliza maswali mafupi mafupi. Ni wa baridi? Ni mweupe? Anasikia ukimgusa? Kisha akasema kwa sauti iliyobadilika, "Huo mshipa umeziba."

Kaka huko nje akapiga makofi. "Mungu mkubwa! Mura, umesikia? Mshipa umeziba!" Maana walituambia hospitali kwamba mshipa ni tundu, wanaliziba. Nami nikasema amina, kwa sauti. Kama limeziba, basi nimepona, niacheni nilale.

Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa nashangilia kifo changu mwenyewe.

Binti akatukemea. Sijawahi kumsikia akipaza sauti tangu aolewe. "Siyo mshipa huo! Ni mshipa wa damu! Damu haifiki mguuni!" Na nesi kwenye simu naye anasema mleteni sasa hivi, msiukande, msiuweke maji ya moto, mleteni. Kaka yangu, nampenda kwa hili, akatupa fimbo akatoka mbio na magoti yake yale mabovu hadi barabarani, akasimamisha pikapu iliyokuwa inapeleka mbuzi mnadani. Mbuzi wakashushwa, mimi nikapandishwa. Binti akapanda nyuma pamoja nami, ameushika mguu ule usigongwe na mashimo, mbele ya macho ya kijiji kizima.

Hospitali walinichoma sindano ya kuzuia damu isizidi kuganda, nikawekwa kwenye gari la wagonjwa hadi Mwanza. Huko wakaufungua mshipa wakaitoa ile damu iliyoganda. Daktari alinieleza nikaelewa, kwa sababu niliuliza. Alisema moyo usiopiga sawasawa, damu inatuama ndani yake, na kitu kinachotuama kinaganda. Maziwa yakitulia kwenye kibuyu si yanaganda? Tena mtu akishapasuliwa, mwili wenyewe unaharakisha damu kuganda ili kidonda kifunge. Mimi dawa nimegawa. Basi donge likachomoka moyoni, likashuka, likakwama mguuni. Lingepanda kichwani, leo ninyi ndio mngekuwa mnanisimulia mimi, msibani. Akaniambia, "Mngengoja hadi kesho, tungekuwa tunazungumza habari ya kukata."

Hawakukata. Kidole kimoja tu kilioza, nikakiacha Mwanza, nami nakiaga kwa amani. Nachechemea kidogo. Vidonge nameza, na vile vya jirani nimevirudisha kliniki, na jirani mwenyewe nimempeleka akapimwe.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru kina mama mliopika nyumbani kwangu wakati mama watoto ananiuguza. Yule dada wa Songea, leo yuko zamu, namshukuru ingawa hayupo. Mwenye pikapu, Mungu akuongezee mbuzi. Ndugu zangu, daktari akikutajia mshipa, usiitikie ndiyo, ndiyo kama mimi. Muulize, mshipa upi? Uliza hadi akuchoke. Na mliopasuliwa, mguu ukivimba nendeni, usipovimba lakini ukawa wa baridi na unauma, kimbieni.

Nina neno la mwisho. Nilipotoka hospitali, wako wazee walionijia wakisema yule binti amevunja mwiko, kuna jambo la kutengeneza kimila. Niliwasikiliza, nawaheshimu, ni wazee wangu, wengine mmekaa hapo mbele. Niliwajibu hivi. Heshima ile ilikuwa ya kuniheshimu mimi. Sasa mngenizika, angebaki anaheshimu nini? Kaburi?

Binti yangu, umekaa huko nyuma na umeinamisha uso, na sitakutaja jina. Nilikuambia usiingie. Uliingia. Asante, mama.

Na wewe mwingine yeyote, ukisimama mlangoni pa mtu anayeumia, na adabu inakuzuia, ingia. Radhi tutaombana baadaye, wote tukiwa wazima.