Daktari Aleykutty, Aliyesema Haiumi

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, ndugu, jamaa na majirani, na ninyi mliotoka wodi ya watoto, ambao nawaona mmejaza viti vya mbele kabla jamaa zake hawajapata pa kuketi, nasimama hapa leo, Jumamosi tarehe 16 Juni 2018, kuwasomea historia ya mke wangu, Daktari Aleykutty Eapen, na nimeshikilia kuisoma mwenyewe ingawa Mchungaji alinishauri kwa upole nimwachie mwanangu, maana kwa miaka thelathini na saba nimegawana mke huyu na mji mzima wa Kozhencherry, na walau karatasi hii sikutaka kuigawa na mtu.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1954 katika kijiji cha Maramon, ng'ambo ya mto Pampa, akiwa binti wa pekee wa Mwalimu Kuruvilla, mkuu wa shule ya msingi, na mkewe Bi Sosamma, akabatizwa kwa jina la Aleykutty, na ndani ya jina hilo, kama sote tujuavyo, kutty ni mtoto, nami husema balaa langu lilianzia hapo penye maji ya ubatizo, kwa sababu mtu akiitwa mtoto tangu siku ile, watoto wa watu watamfuata hadi kaburini, na tazameni, wamemfuata.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1960 katika shule ya baba yake, na mwaka 1963, akiwa na miaka tisa, alipasuliwa tumbo kwa ajili ya kidole tumbo, enzi zile ambazo hata madaktari wengi waliamini kwamba mtoto hasikii maumivu kama mtu mzima, na kwamba akinyamaza basi amekwisha pona, naye akalala kimya, magoti kayakunja, macho kayakaza kwenye dari, asitoe hata chozi, na baba yake akafurahi mno, akamnunulia bangili nyekundu za kioo, akawa anamwonyesha kila mgeni aingiaye, akisema mtoto mzuri ndiye huyu, halii. Bangili hizo alikuja nazo nyumbani kwangu ndani ya kitambaa, wala sikuwahi kumwona akizivaa.

Alimaliza sekondari mwaka 1969, akajiunga na chuo cha udaktari Kottayam mwaka 1971, akahitimu na kuendelea na masomo ya udaktari wa usingizi, yaani kuwalaza wanaopasuliwa na kuwaamsha salama, na baba yake alipomuuliza kwa nini asiwe mpasuaji mwenye jina lake mlangoni, alimjibu kwamba mpasuaji kazi yake huisha akishashona, ila yeye anataka kuwapo maumivu yanapoanza. Tarehe 1 Julai 1980 aliajiriwa na hospitali ya misheni ya mji wetu, ambako alifanya kazi hadi alipostaafu mwaka 2014.

Tulifunga ndoa katika kanisa hili siku ya Alhamisi, tarehe 22 Januari 1981, nikamfunika kichwani sari ya harusi kwa mkono wangu mwenyewe, sari ileile ambayo kwa desturi yetu anazikwa nayo leo, na ambayo nilikuwa nimeifungia sandukuni na ufunguo nikatembea nao, kwa kuogopa asije akaikata. Msicheke, ninyi mnaocheka mnajua ninachosema. Mimi ni muuza miavuli, na mabaki yote ya vitambaa vya duka langu, meusi na yenye maua, yalibebwa kwenda wodini, akayashona kuwa mito midogo iliyojazwa sufi, kila mtoto aliyepasuliwa tumbo akapewa wake wa kukumbatia juu ya kidonda wakati wa kukohoa, kwa sababu kukohoa kunauma, na asiyekohoa baada ya kupasuliwa, kifua humjaa makohozi. Nilipomwambia kwamba mwenye duka hana hata mto mmoja, alinijibu nikapasuliwe kwanza.

Mungu alitujalia watoto wawili, Abey, aliyezaliwa tarehe 9 Novemba 1982, na Neethu, aliyezaliwa tarehe 17 Agosti 1985, na mara zote mbili mkunga alitoka chumbani akinisifia mke niliyeoa, kwamba hakupiga hata ukelele, nami, kijana mjinga, nikavimba kichwa na kununua halua ya kuwagawia majirani. Nataka mkumbuke hilo tutakapofika mbele.

Mwaka uliofuata, Jumatatu tarehe 2 Juni 1986, nilikuwa nafungua duka langu jipya la barabara kuu, askofu amefika, mvua imefika, utepe umefungwa, na mke wangu ndiye aliyekuwa aukate, naye mkasi ukiwa mkononi aliletewa habari kutoka hospitali, kwamba msichana wa miaka sita aliyepasuliwa jana yake kwa kidole tumbo kilichopasukia tumboni anaendelea vizuri sana, halii kabisa, na mpasuaji anampongeza. Mtu mwingine angeshukuru Mungu akakata utepe. Yeye alinikabidhi mkasi, akasema mtoto aliyepasuliwa namna ile halafu halii ni mtoto wa kukimbiliwa, akaondoka na mwavuli mpya wa dukani ambao haujauzwa, nami nikakata utepe wangu peke yangu, jirani yangu Varkey akininong'oneza mbele ya askofu, "Eapen, mkeo ana watoto mia, wewe ni wa ngapi?"

Msichana huyo alikuwa Jessamma, binti wa mvunja mawe, naye yupo hapa, kiti cha tatu, tena upande wa jamaa. Mke wangu alimkuta amelala bila kutikisika, magoti yamekunjwa, macho yakifuata sinia ya sindano kila ilipopita, na mama yake kandoni amejaa fahari. Akamuuliza kama inauma, mtoto akasema haiumi. Akamwambia basi kohoa kidogo, na mtoto hakuthubutu, akamtazama tu, machozi yakaanza kumtoka bila sauti, ndipo ikajulikana kwamba wodini kila aliyesema inauma alichomwa sindano ya paja, na watoto wote walikuwa wameshaambizana. Basi akampa mofini kidogo kwa kipimo cha uzito wake kupitia mrija wa maji uliokuwa tayari mkononi, akakaa naye akimwangalia pumzi mpaka magoti yakanyooka yenyewe, akakohoa akiwa ameukumbatia mto mweusi wa kitambaa changu, na alipoulizwa anataka nini, akaomba ndizi, ambayo hakupewa, kwa kuwa tumbo lilikuwa bado.

Tangu siku ile wodi ile ikawa na sheria zake, kwamba mtoto apewe ganzi chini ya uti wa mgongo kabla hajaamka, kwamba dawa itolewe kwa saa zake, alie asilie, wala isingojwe mpaka maumivu yafike, kwamba anayesema inauma asichomwe sindano kwa kusema kweli, kwamba mama alale karibu na mwanawe, na kwamba mtu yeyote, awe mpasuaji, awe mfagizi, awe bibi aliyeleta uji, asimwambie mtoto aliyenyamaza kuwa ni mtoto mzuri. Neno hilo alilipiga marufuku, na nilimwona kwa macho yangu akimtoa nje baba wa watu kwa sababu yake. Wagonjwa walikuja kutoka Ranni, kutoka Pathanamthitta, wakapona wakicheka, wakamwita Amma, yaani mama, na Jumapili baada ya ibada walimzunguka hapa uani wakimfunulia matumbo aone makovu yalivyofunga, nami nikisimama kando nimeshika viatu vyake na mwavuli.

Wivu nilikuwa nao, na ninao hadi sasa ninaposoma, wala sikusimama hapa kuuombea msamaha. Sikuwaonea wivu kwa saa alizowapa, maana mfanyabiashara anajua kazi ni kazi. Niliwaonea kwa sababu alijua kila mmoja wenu panapomuuma, na mke wangu huyu huyu, aliyefukuza neno lile wodini, alilileta nyumbani akalificha pamoja na zile bangili. Kichwa kilipomuuma, haiumi. Alipovunjika kifundo cha mguu kwenye ngazi za kanisa hili mwaka 1998, haiumi, Achaya, nipe mkono tu, na Achaya ndivyo wake wa kwetu wanavyotuita waume zao, kwa kuwa kulitaja jina la mume si adabu. Mganga hajigangi, ndivyo ilivyo, lakini mume naye ni wa nini, kama mke wake haumwi kamwe?

Mwezi Februari mwaka huu alianza kukonda, tarehe 6 Machi vipimo vikaonyesha uvimbe kwenye kongosho, na tarehe 20 Machi madaktari wa Kochi walimfungua tumbo, wakakuta umekwisha enea, wakamshona bila kuondoa kitu. Tulirudi nyumbani siku ya Pasaka. Aliyekuja kumhudumia, kwa niaba ya kikundi kinachowatembelea wagonjwa majumbani, alikuwa muuguzi Jessamma, na mkononi ameshika ule mto wake mweusi wa mwaka 1986, kitambaa changu, akauweka juu ya kidonda cha mke wangu, mimi nikiwa nimesimama papo hapo.

Nilipomuuliza mke wangu kama inauma, alisema haiumi, Achaya. Kila asubuhi haiumi. Na asubuhi moja nikiwa naleta uji wa mchele, nikafika mlangoni nikasikia sauti yake, ya chini, ikisema, "Leo imezidi, Jessamma, imepanda mpaka mgongoni," na Jessamma akimjibu, "Pole, Amma, tutaongeza, nionyeshe inapoishia." Nilirudi na uji jikoni. Nimeishi na watu wengi walionitangulia katika moyo wa mke wangu, lakini siku ile niliumia kuliko siku ya utepe, kwa sababu hata maumivu yake alikuwa amempa mtu mwingine, mimi nimebaki na uji.

Alasiri ya tarehe 30 Mei mvua ilikuwa imeanza, shule zinakaribia kufunguliwa, dukani watu wamejaa, nami nikawaacha, nikarudi nyumbani, nikawaomba wote watoke chumbani, Abey, Neethu, na hasa Jessamma, nikafunga mlango na kuketi kitandani. Alikuwa amelala bila kutikisika. Magoti yalikuwa yamekunjwa.

"Inauma, Aley?"

"Haiumi, Achaya. Nenda dukani, huu ndio msimu wako."

"Basi kohoa kidogo."

Alinitazama, akauliza, "Nani amekufundisha hilo?"

"Umeufundisha mji mzima. Mimi nilikuwa nimeshika viatu."

Alitaka kucheka, na kicheko chenyewe kikamkata tumbo, akaufinya mto, akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo, na yule mtoto mzuri wa Mwalimu Kuruvilla, ambaye hakulia mwaka 1963, wala alipowazaa wanangu, alilia machozi tele, akasema, "Inauma, Eapen. Inauma sana."

Aliniita kwa jina. Ninyi nyote mna makovu mliyomwonyesha, mna mito yake, mna haki ya kumwita Amma, na hakuna hata mmoja wenu mwenye hilo. Nilimpa kipimo chake cha dawa kama alivyonielekeza mwenyewe, nikamwangalia pumzi mpaka magoti yakanyooka, na tangu alasiri hiyo, hadi Alhamisi tarehe 14 Juni alipofariki akiwa usingizini baada ya chakula cha mchana, kila ilipomuuma aliniambia mimi kwanza, nami ndiye niliyekwenda kumwambia Jessamma.

Familia inawashukuru madaktari wa Kochi waliotuambia kweli, wauguzi na wafanyakazi wenzake wa hospitali ya misheni, majirani waliopika na kutandika, na Varkey aliyeshika duka katika msimu wake mwenyewe wa kuuza mipira, huu wa Kombe la Dunia. Tunamshukuru muuguzi Jessamma, na mto wake nimeurudisha, uko kwenye kiti chake. Nanyi watoto wa wodi, wakubwa kwa wadogo, ahsanteni kwa kuja, nina ombi moja, kwamba miaka yote mlisimama mbele yangu, na leo penye kaburi mnipishe, msimame nyuma.

Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu, na zile bangili nyekundu nimezivunja jana asubuhi, nikazizika chini ya ngazi za nyuma.

Pumzika kwa amani, Aleykutty, na huko uendako wakikuuliza kama panauma, usiwajibu kama mtoto mzuri.